Mwamba Uliokimbia kwa Ugomvi wa Chumvi

Hii nimeletewa kwenye kundi la familia, nami siwezi kukaa nayo peke yangu. Ukimaliza, mpelekee yule ndugu yako ambaye siku hizi hamsalimiani. Unamjua.

Katika mlima Igunda kulikuwa na mgodi ulioachwa na wenyewe. Ndani yake ulipita mwamba, mstari mwembamba wa jiwe jeupe uliobeba madini ya risasi, fedha na dhahabu kidogo. Ndugu wawili, Ngeleja na mdogo wake Sitta, waliingia humo na wenzao, wakakuta kipande cha mwamba kilichosahauliwa, wakawa wanakifuata. Walipendana sana wale, ingawa kutwa walikuwa wakitaniana.

Siku moja mwamba ukapotea. Walikuta ukuta wa udongo laini, na nyuma yake jiwe jeusi tupu.

Wachimbaji wa huko wanaamini kwamba anayeingia shimoni akiwa amegombana na mkewe hufukuza mwamba, na hapaswi kurudi tena. Asubuhi ile Sitta alikuwa amegombana na mkewe Nyanzala kwa sababu ya chumvi kuzidi kwenye mboga. Wenzao wakamtazama Ngeleja.

"Toka, Sitta," Ngeleja alisema, bila kumwangalia usoni.

"Haya, kaka." Sitta aliweka nyundo chini akatoka.

Siku ya nne Nyanzala alifika mgodini. Alikuwa mfinyanzi, na ulimi wake haukuwa wa kuazima.

"Shemeji, nimekuja kuona chumvi yangu ilivyoharibu mlima."

Walimpisha kwa aibu. Alishika ule udongo, akaukwangua wote kwa viganja. Jiwe la nyuma lilikuwa laini, lenye michirizi mirefu ya kwenda chini, kama sakafu iliyoburuziwa kitanda.

"Huu mlima ulipasuka, upande mmoja ukateleza," alisema. "Udongo huu ni mawe yaliyosagika hapo katikati. Mwamba wenu haukukimbia. Umekatika, na nusu yake imeshuka na upande ule. Fuateni michirizi."

"Uliteleza lini?" Ngeleja aliuliza.

"Kabla mtu yeyote hajaolewa, shemeji. Tulikuwa bado hatujagombana."

Wachimbaji wengine walirukia nyundo ili waanze kuchimba kwenda chini. Ngeleja akawazuia.

"Sitta yuko wapi?"

"Stendi," Nyanzala alijibu. "Anaondoka na lori la saa nane kwenda machimbo ya kusini. Amesema harudi."

"Mwamba je?" mmoja aliuliza.

"Umekaa humo tangu dunia iumbwe. Utangoja."

Ngeleja alikimbia na matope yake mpaka stendi. Lori lilikuwa limeshawashwa, na Sitta amekaa juu ya magunia.

"Mmeupata?" Sitta aliuliza.

"Bado. Nimekufuata wewe kwanza." Ngeleja alishika ubavu wa lori kwa mikono yote miwili. "Nilikukosea, mdogo wangu. Nilijua hukuwa na kosa, nikawaogopa watu."

Sitta alisimama juu ya magunia. Kisha akarusha begi lake chini, na kaka yake akalidaka.

Mwamba waliupata siku ya tisa, hatua kumi na moja kwenda chini. Nasema tu kwa sababu najua mngeniuliza.

Funzo: Usimfukuze ndugu yako kwa jambo ambalo hujui chanzo chake. Na ukigundua umemkosea, mfuate yeye kwanza, mali baadaye.