Jembe la Nakiete

Hapo zamani, na si zamani sana, maana wapo walioyaona haya ambao bado wana meno ya kutafunia mahindi, palikuwa na mwanamke milimani Upare jina lake Nakiete. Mumewe alikuwa amefia ugenini. Alibaki na mama yake kipofu, mdogo wake wa kiume, Elinami, na binti mmoja, Navoneiwa. Binti mmoja tu. Lishikeni hilo, msije mkaniuliza baadaye kwa nini mwanamke yule alilia vile.

Juu ya kijiji palikuwa na msitu wa Kinyeta. Maji ya kijiji yalitoka humo. Akaja tajiri wa mbao, akautazama, akaona mbao tupu na uwanja wa kujenga nyumba za wageni. Majirani wakakutana. Aliyewaongoza ni Bibi Namkunda, mjane mwenye sauti ya kusikika mlima wa pili. Wakaapa pamoja: chuma cha mwanakijiji kisiguse mti wa Kinyeta, uwe mbichi uwe mkavu, uwe umesimama uwe umelala. Mnaona kiapo kikali? Kilibidi kiwe kikali. Tajiri alikuwa akimwambia mkuu wa wilaya kila wanapoonana, "Hao wanaojiita walinzi ndio wakataji." Pigo moja la shoka lingempa ushahidi. Basi wakapanga zamu, na mwenye zamu akapewa pembe ya kupuliza.

Wapasua mbao wakaja. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mbonea, jirani wa Nakiete, waliokuwa wakiazimana moto na chumvi. Akapuliza pembe. Kijiji kizima kikapanda, wanaume na marungu, wanawake na michi. Wapasua mbao wakatimua mbio, msumeno wao wakauacha umekwama ndani ya mkangazi mkubwa ulioinamia njia ya chemchemi. Watu wakacheza ngoma pale pale. Mti umeokoka!

Umeokoka wapi! Msumeno ulikuwa umeshapita katikati ya shina.

Mbonea akasema kikaoni, "Jamani, ile ni maiti iliyosimama. Tuuangushe wenyewe kabla haujatuangukia."

"Na kiapo?" akauliza Bibi Namkunda. "Tukiukata huo, kesho karani wa tajiri yuko hapa na mkuu wa wilaya, anamwonyesha kisiki. Ahadi ni deni, Mbonea. Wanaotaka mti ubaki, mikono juu."

Mikono ikanyooka. Mkono wa Nakiete nao ukanyooka. Ikaamuliwa Mbonea azibe njia kwa miiba, na maji yachotwe mtoni, kule chini bondeni. Mbonea akaziba.

Miiba ikakaa, mti ukakaa. Kila alipomtuma binti yake maji, Nakiete alimwambia, "Mtoni, mwanangu, si chemchemini. Ukiona miiba, geuka." Na Navoneiwa aligeuka kila mara, kwa kuwa alikuwa mtoto msikivu.

Pembe ikalia tena. Wapasua mbao wameingia kwa upande wa pili! Njia ya mkato ilikuwa ile ile ya chemchemi. Elinami, ambaye kwa mbio hakuwa na mpinzani, akafika wa kwanza, akaivuta miiba kando, akapita, na wenzake nyuma yake. Mti haukutikisika. Wakawawahi wale watu, wakawafukuza, na siku hiyo halikukatwa hata tawi. Walirudi kwa njia kuu wakiimba, na hapana aliyekumbuka miiba.

Jioni Navoneiwa akatoka na ndoo. Akafika njia panda, akatafuta miiba, hakuiona. Mama alisema ukiona miiba, geuka. Hakuiona, hakugeuka.

Upepo haukuwa mkali. Wote waliokuwapo kijijini wanasema hivyo.

Nakiete alisikia mshindo akiwa anapepeta mahindi uani. Akasema moyoni, umeanguka, afadhali, sasa tutapumua. Alifurahi, maskini. Furaha ile ndiyo iliyomtafuna baadaye kuliko mengine yote.

Sasa, kijiji kile kilikuwa na ada. Mtu akiuawa bila kukusudiwa, mfiwa hushika jembe na kumkabidhi mwenye hatia mbele ya watu. Aliyekabidhiwa huchimba kaburi peke yake, hasaidiwi na mtu. Akishafukia huondoka, na kijijini hakanyagi tena. Baada ya hapo hakuna kisasi wala masimango. Lakini jembe lisipotolewa, maiti haizikwi.

Asubuhi Nakiete akasimama uani na jembe. Binti yake alikuwa ndani, chini ya shuka. Watu wakamzunguka.

Elinami akapiga magoti. "Dada, nipe mimi. Miiba niliiondoa kwa mkono huu. Niliondoa kwa ajili ya msitu, lakini kurudisha sikurudisha. Nipe niende." Nyuma yake mama yao kipofu, ambaye Elinami ndiye anayemlisha, akaanza kulia.

Bibi Namkunda hakupiga magoti. "Mwanangu, mimi sikuua mtu. Nililinda kiapo mlichoapa wenyewe. Kama kosa ni kuuacha mti, basi kosa ni la kila mkono ulionyooka, na wako ulinyooka, niliuona. Nikiondoka mimi, nani atasimama mbele ya yule tajiri? Lakini mwenye uchungu ni wewe. Ukinipa, nitachimba."

Nakiete alimchukia bibi yule kwa kusema kweli siku kama ile.

Mbonea alikuwa kando. "Mama Navoneiwa," akasema, "lipo jambo hamlijui. Baada ya kikao nilikwenda na shoka alfajiri, peke yangu. Nilitaka kuuangusha, nipokee laana mimi. Nikapiga, nikapiga. Nikasikia watu wanapita, nikaogopa kuitwa mkataji, nikakimbia. Nikaliziba jeraha kwa udongo. Mti niliuongezea kidonda, kisha nikanyamaza."

Watu wakaguna. Mmoja akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Mwingine akamjibu, "Nyamaza wewe, angekaa kimya tu, nani angejua?"

Ndipo akaja karani wa tajiri kutoa pole, kofia mkononi. "Mama, hawa wote ni watu wako. Kwa nini umfukuze mtu wako? Jembe liweke chini ya msitu. Sema msitu ndio uliomuua mtoto. Sisi tutauondoa wote, na hakuna mama mwingine atakayelia humu." Na wapo, tena si wachache, waliotikisa vichwa kukubali.

Nakiete akamtazama mdogo wake aliyeacha njia wazi. Akamtazama bibi aliyekataza shoka. Akamtazama jirani aliyeupiga mti shoka akauacha nusu. Akautazama msitu. Mikono ilimuuma kwa uzito wa jembe, na ndani ya nyumba nzi walikuwa wameanza kuingia.

Msiniambie apewe mpasua mbao. Mpasua mbao alikuwa amekwenda zake, na jembe halikabidhiwi mtu asiyekuwapo. Wala msiniambie Nakiete achimbe mwenyewe kwa sababu ya ule mkono wake. Anayetaka kusema hivyo na aingie ndani kwanza, afunue shuka, ndipo atoke aseme.

Ukimpa Elinami, mama yao kipofu anampoteza mwana anayemlisha. Ukimpa Namkunda, tajiri anacheka. Ukimpa Mbonea, nani kijijini atasema kweli tena? Na ukiupa msitu, binti alikufa kwa ajili ya nini?

Haya, jua linapanda, mama amesimama, mtoto hajazikwa. Semeni nyinyi: je, nani alistahili kupewa jembe?