Kiti cha Binti wa Telesfori

Sogeeni, na msikilize vizuri, maana mwisho wa hadithi hii mimi sina, mnao ninyi.

Bibi Kemilembe wa Bukoba alikuwa na wajukuu watatu. Rwegoshora, fundi seremala, alikuwa na jicho: ubao akiutazama tu, anautambua mkono ulioupiga randa. Kokwijuka alikuwa na sikio: wimbo ukimwingia, hautoki tena. Mutabuzi, dereva wa malori ya Bujumbura, alikuwa na ulimi. Kifaransa alikiokota njiani, na hakuna aliyeweza kumnunia kwa muda mrefu.

Bibi naye alikuwa na donda. Baba yake, Telesfori, alikuwa Mzungu mtengeneza samani. Alimwoa mama yake Bibi, na Kemilembe akiwa bado anatambaa akaondoka, akisema anakwenda kwao kutibiwa kifua. Hakurudi. Hata jina la ukoo wake hakuna aliyelijua.

"Alitutupa," Bibi alikuwa akisema, na mazungumzo yanaishia hapo.

Wajukuu wakaamua kumtafuta. Kwa kuwa alisema Kifaransa, watu walidai alikuwa Mbelgiji, basi wakahangaika na Ubelgiji miaka mingi, wasipate kitu.

Siku moja Rwegoshora alikuwa akikarabati kabati ambalo Telesfori aliliacha. Milango yake ilichongwa kwa pembe zinazopanda na kukutana katikati, kama kilele. Aliizoea tangu utoto, lakini siku hiyo akajiuliza: uchongaji huu alijifunzia wapi? Akapiga picha, akazituma kwa mafundi wa mbali mitandaoni. Mzee mmoja akajibu: "Milango hiyo ni ya kwetu, jimbo la Kibeki, Kanada. Na sisi tunasema Kifaransa."

"Jamani, Mbelgiji wetu ni Mkanada!" Rwegoshora akapiga kelele.

Lakini Kibeki ni kubwa. Utaanzia wapi?

Kokwijuka akakumbuka wimbo. Telesfori alikuwa akimbembelezea mwanawe, mkewe akaushika, na Bibi mwenyewe huuimba chini kwa chini bila kujua akimenya ndizi. Maneno yake yalikwishapotoka midomoni, hata Mutabuzi hakuyaelewa. Kokwijuka akamwimbia yule mzee kwenye simu, polepole, asiache hata silabi moja. Mzee akasema: "Rudia hapo mwisho. Binti, unataja kijiji. Sentarzeli!"

Ikabaki kazi ya Mutabuzi. Alipiga simu Sentarzeli nyumba hadi nyumba. Mmoja akamkatia, akidhani ni tapeli. Mwingine akamtukana, Mutabuzi akamuulizia hali ya watoto wake, wakaagana wakicheka, naye akamwelekeza kwa bibi mmoja aitwaye Ozelina.

"Telesfori?" Ozelina akashtuka. "Ni kaka yake mama yangu! Alikuwa na mtoto huko Afrika. Mtoto huyo yu hai?"

"Yu hai, mama. Yuko hapa, amenikodolea macho."

Ozelina akalia, kisha akasimulia. Telesfori alifika kwao akiwa hoi, akafariki majira yaleyale ya baridi. Mpaka mikono ilipomlegea, alikuwa kitandani akichonga kiti kidogo. "Cha binti yangu," aliwaambia. Ndugu hawakujua wakipeleke wapi, basi wakakitunza.

Kiti kikaja. Bibi Kemilembe alikipapasa mgongo, akapapasa miguu. "Kumbe hakunitupa," akasema. Akashusha pumzi ndefu, akacheka, akalia, akacheka tena. Alasiri ile alilala usingizi mzito, mdomo wazi kama mtoto.

Alipoamka akawaita. "Mimi hakinienei tena. Nitampa mmoja wenu, yule aliyenirudishia baba."

"Bila mimi mngekuwa Ubelgiji hadi leo," alisema Rwegoshora.

"Na bila wimbo, kaka, ungegonga mlango gani Kanada nzima?" aliuliza Kokwijuka.

Mutabuzi akatabasamu. "Nyie mlipata nchi, mkapata kijiji. Na mtu mwenyewe, nani alimpata?"

Bibi aliwatazama mmoja mmoja, akashindwa kuchagua. Akaniambia mimi, jirani yake, niwaulize watu.

Haya basi, nimewauliza. Kiti kiko sebuleni, kinasubiri. Ungekuwa wewe, ungempa nani?