Mashine Moja ya Korosho, Wenyewe Watatu

Jamani, sogeeni. Anayejua kuamua kesi akae mbele, na anayependa kusinzia akisimuliwa akae nyuma, maana leo sikuja kumbembeleza mtu. Nimekuja na kesi. Imenishinda, imeninyima raha, na nimewaletea kama ilivyo.

Kuna kijiji kimoja juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala, ambako maji ni ya kutafuta na korosho ni za kumwaga. Hapo wanaishi ndugu zangu watatu. Nasema ndugu, lakini hasa ni watani zangu, kwa hiyo nikiwasema vibaya msinishangae. Ruhusa ninayo tangu enzi za babu zetu.

Wa kwanza ni Chinguile, fundi baiskeli. Kipawa chake ni mikono. Kitu kikiharibika mbele yake, hali chakula mpaka ajue kimepatwa na nini. Aliwahi kukifungua kipaza sauti cha msikiti bila kuombwa na mtu, eti kwa sababu kilikuwa kinakoroma.

Wa pili ni dada yake mkubwa, Somoe, mbanguaji wa korosho. Kipawa chake ni ubishi. Wenye adabu wanauita uvumilivu, lakini mimi ni mtani, nauita ubishi. Ukimwambia Somoe kwamba jambo fulani haliwezekani, umempa kazi ya mwaka mzima.

Wa tatu ni Mwanahamisi, mke wa Chinguile, yaani wifi yake Somoe. Kipawa chake ni mdomo. Ukipita kwake kumsalimia tu, unaondoka na kifurushi mkononi, umelipa na umefurahi. Na sura ya mteja haimtoki kichwani, hata upite msimu mzima bila kumwona.

Sasa, kama hamjawahi kubangua korosho, niwaambie. Ganda lake lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Wanawake wa kule hujipaka majivu mikononi, wanakaanga korosho juu ya moto, wanazigonga moja moja, na bado vidole vinatoka malengelenge. Siku ya harusi ya mpwa wake, Somoe alipakwa hina kama wenzake, ikakataa kushika, kwa sababu vidoleni hakukuwa na ngozi ya kushikwa. Aliificha mikono yake ndani ya khanga shughuli nzima. Jioni akamwendea mdogo wake.

"Chinguile, wewe unafungua vyuma vya watu bure. Nifanyie chuma kinachouma korosho badala ya vidole vyangu."

"Dada, korosho imepinda. Chuma hakijui kupinda."

"Basi kifundishe."

Hayo ndiyo maneno yaliyoanzisha yote. Yashikeni, tutayagombania baadaye.

Chinguile akaacha kula. Akachora ardhini kwa kijiti, akafuta, akachora. Akataka visu viwili vilivyopinda kama korosho yenyewe, kimoja juu, kimoja chini, na kanyagio la mguu la kuvikutanisha, na mpini wa kuzungusha ili ganda lifunguke. Visu alivifua mwenyewe. Vyuma vingine hakuwa navyo. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na baiskeli nzuri, imara, ambayo Mwanahamisi aliinunua kwa jasho lake kabla hajaolewa, na ndiyo aliyokuwa akichuuzia mihogo na dagaa vijiji vyote vile.

Asubuhi moja Mwanahamisi akatoka na kapu lake, asiione, akamwita mumewe kwa jina la mtoto wao.

"Baba Shaibu, baiskeli yangu iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo, ila imegeuka kidogo."

Mwanahamisi akaenda nyuma ya nyumba, akaikuta imegeuka kweli, mnyororo huku, breki kule, fremu imekatwa. Ninyi mngefanya nini? Yeye alikaa chini akalia. Alipomaliza kulia akasema, "Haya, malizia. Usiponionyesha kitu cha maana, utanibeba wewe mgongoni kwenda kuuza dagaa." Akachuuza kwa miguu tangu siku ile.

Mashine ikakamilika, na haikufaa kitu. Ilisaga korosho zote zikawa unga. Chinguile akailegeza, ikaanza kuzirusha, moja ikampiga kuku wa jirani, kukawa na ugomvi. Akaikaza, akailegeza tena, akabadilisha visu. Watu wakapita kutazama wakicheka. Mwishowe akachoka, akaitupa kichakani, akarudi kuziba pancha. Mikono ilikuwa imefanya yake yote, na korosho bado zilivunjika.

Somoe ndiye aliyekwenda kuiokota. Aliifuta umande, akaiweka barazani kwake, akakaa nayo. Alisema kama chuma hakina kosa, basi kosa liko kwenye korosho. Akazianika juani, zikavunjika. Akazichemsha, zikavunjika. Akazikaanga kidogo, akazikaanga sana, akaziloweka kwa maji aliyoyafuata mbali bondeni, huku majirani wakisema anamwaga maji kwa ajili ya wazimu. Siku moja alizipiga mvuke kwenye sufuria, na kabla hajazigusa akaitwa msibani. Alirudi kesho yake, akazikuta zimepoa na kukauka vizuri. Akakanyaga, akazungusha mpini. Korosho ikatoka nzima, nyeupe, haina hata ufa. Akaweka nyingine, nzima. Alipiga kelele peke yake mpaka watu wakadhani msiba umehamia kwake. Mimi humtania kwamba aliyegundua ni marehemu, naye hunitupia kandambili.

Sasa wakawa na korosho nyingi nzima na hawana mtu wa kuzinunua. Hapo ndipo Mwanahamisi alipofungua mdomo wake. Alizitia kwenye mifuko ya nailoni, akapanda gari hadi Masasi, akazimaliza zote stendi. Akafurahi. Aliporudi wiki iliyofuata akakuta wateja wanamsubiri kwa hasira. Korosho zilikuwa zimepata unyevu, zimelainika kama maharage. Mwingine angeshuka upande wa pili wa gari akakimbia. Yeye aliwafuata mmoja mmoja, maana sura anazijua, akawabadilishia na kuwaomba radhi. Kisha akajifunza kuzikausha zaidi, na kufunga midomo ya mifuko kwa moto wa mshumaa ili hewa isiingie. Wale wale waliokasirika wakawa ndio wanaomtangaza. Wenye maduka wa Mtwara wakaanza kumtafuta wenyewe.

Mambo yakawanyookea. Chinguile akatengeneza mashine nyingine kwa kufuata ile ya kwanza, wakajenga banda, na wanawake wa jirani wakawa wanakuja kubangua pale kwa malipo. Nimewaona wanawake wale kwenye harusi mwaka huu. Hina imeshika mikononi mwao, na walikuwa wanaionyesha kwa makusudi, mikono juu muda wote.

Lakini kuna kosa walilolifanya, na ni kosa ambalo mtu asiyetoka kwenye mikorosho asingelifanya. Kule kwao ardhi inaweza kuwa yako na mkorosho uliosimama juu yake ukawa wangu, kwa sababu niliupanda mimi. Wewe utaulimia, utauzuia moto, utapata sehemu yako ya msimu. Ila neno la mwisho juu ya mti ni la aliyeupanda. Siku ile sinia la kwanza lilipojaa korosho nzima, walikuwa wanakula pamoja, na Chinguile akasema, "Na hii mashine tuifanye kama mkorosho. Mwenye mti awe yule aliyepanda, wengine tule msimu." Dada akasema sawa. Mke akasema sawa. Wakanawa mikono. Hakuna aliyeuliza nani amepanda, kwa sababu kila mmoja alijua moyoni mwake kwamba ni yeye.

Wakaishi hivyo kwa amani, mpaka alipokuja mgeni kutoka Tunduru.

Mgeni huyo ana jumba kubwa la kazi na umeme hausumbui. Aliitazama mashine, akaionja korosho, akasema anataka kuzinunua mashine zote pamoja na ufundi wake, azipeleke kwake, na asiwepo mwingine wa kuzitengeneza. Chinguile atapewa karakana. Kazi ya kubangua itafanyika Tunduru, si pale tena.

"Ila sitaki kuzungumza na kikao," akasema. "Mwenye mashine anijibu ndiyo au hapana. Ni nani?"

"Mimi," wakasema wote watatu.

Mgeni akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hawacheki, akainuka. Akaahidi kurudi Ijumaa kuchukua jibu.

Basi wakabaki wanatazamana. Chinguile anataka kuuza, maana tangu utoto ameota karakana yenye mashine ya kuchomelea, na kichwani ana vitu vingine vya kutengeneza. Somoe hataki hata kusikia, kwa sababu mashine zikiondoka, wanawake wa pale wanarudi kwenye majivu na malengelenge, na yeye yumo. Mwanahamisi anasema zisiuzwe wala mgeni asifukuzwe, bali akodishiwe mbili tatu msimu hadi msimu.

"Nimepanda mimi," Chinguile akasema. "Kabla ya mikono yangu kulikuwa na nini? Vyuma na maneno."

"Na mbegu ni nini kama si maneno?" Somoe akamjibu. "Nilikuambia nifanyie chuma kinachouma korosho. Wewe ulisema haiwezekani. Halafu ukautupa mti wako kichakani, mdogo wangu. Mti uliotupwa, akiuokota mwingine ukaota, ni wa nani?"

"Wifi, samahani," Mwanahamisi akasema, "mnachogombania nyote wawili ni baiskeli yangu. Mlipanda kitu changu bila kuniomba. Na bila wateja wangu, mngekuwa mmekaa na magunia yenu ya korosho nzuri mnazila wenyewe mpaka leo."

"Mwenye ardhi si mwenye mti, wifi."

"Sikutoa ardhi. Nilitoa mbegu yenyewe, ikachimbuliwa mfukoni mwangu nikiwa nimelala!"

Ndugu zangu, ilikuwa mbaya. Banda likafungwa. Magunia yamepangwa humo, mvua zinakaribia, na wanawake wanakuja asubuhi, wanakaa nje, wanarudi makwao. Chinguile anakula peke yake kwenye kibanda chake cha baiskeli. Mwanahamisi alimpelekea wifi yake bakuli la mboga kama kawaida yao, na bakuli likarudi tupu, bila chochote cha shukrani ndani. Mnajua bakuli tupu likirudi lina maana gani. Nilipolisikia hilo niliumia kweli, maana hawa wawili walikuwa wanapendana kuliko wanavyompenda Chinguile.

Ndipo wakaniita mimi. Mtani akiamua hasusiwi, wakasema. Wamekubaliana kwamba nitakayemtaja ndiye atakayemjibu mgeni, na wawili wengine hawatainua mdomo.

Nikakubali kwa mbwembwe, mjinga mimi. Nikajua nitaamua kabla chai haijapoa. Nikasema ni Chinguile, kwa sababu mashine ni kazi ya fundi. Kisha nikamkumbuka akiichukua na kuitupa kichakani, nikasema hapana, ni Somoe. Lakini Somoe aliokota nini? Aliokota visu vya mwenzake na baiskeli ya mwenzake. Basi ni Mwanahamisi! Nikafurahi, nikavaa viatu nikawaambie. Kufika mlangoni nikajiuliza, huyu aliyetoa baiskeli na kuleta wateja, hata siku moja alijua kwamba korosho inaweza kufunguka vile? Nikavua viatu.

Nimemuuliza mke wangu, akasema Somoe. Nimemuuliza kaka yangu, akasema Chinguile, na sasa hao wawili hawasalimiani. Kuna aliyeniambia nihesabu ni nani ambaye bila yeye mashine isingekuwepo. Nimehesabu. Wote.

Na msinijibu kwamba iuzwe au isiuzwe. Hilo sikuulizwa. Nikimtaja Chinguile kwa sababu nampenda fundi, nimezifuta hina za wanawake wale. Nikimtaja Somoe kwa sababu ya wanawake wale, nimempokonya mtu haki yake kwa huruma, na huruma si hukumu. Nikimtaja Mwanahamisi kwa sababu amekaa katikati, nitakuwa nimekwepa tu. Nimeulizwa nani alipanda, basi.

Kesho ni Ijumaa. Mgeni yuko njiani. Nitaingia pale, nitawakuta wamekaa mahali patatu mbalimbali ndani ya ua mmoja, na wote watainua nyuso kunitazama.

Wewe uliyekaa mbele, uliyesema unajua kesi. Nitakapofungua kinywa nitaje jina moja, nitaje la nani? Na wale wawili niliowaacha, nitawatazamaje?