Giaboksi ya Kinyozi

Wahenga waliposema kwamba mchagua nazi hupata koroma, hawakuwa wamemwona kinyozi huyu, lakini ni kama walikuwa wamekaa kwenye kiti chake wakinyolewa. Koroma, kwa asiyejua, si dafu la kunywa wala si nazi ya kukuna. Anayeipata huwa amekwisha kuzipita nazi nzuri kadhaa, kila moja akiitia kasoro.

Kinyozi alikuwa na gari kuukuu, la aina ile inayosukumwa na magurudumu ya nyuma. Injini ilikuwa na afya ya fahali, ila giaboksi ilikuwa imekata roho. Naye mama yake, aliyeishi juu mlimani, alikwisha kuwatangazia majirani kwamba Jumamosi mwanawe angekuja kumchukua kwa gari lake mwenyewe, akamwone mjukuu mchanga. Majirani, kwa heshima zote, hawakuamini.

Shemeji yake, fundi wa magari, alimtafutia giaboksi iliyotoka kwenye pikapu ya kubebea mawe. Ilikuwa nzito, chafu, na gia zake nne ziliingia kwa kishindo.

"Hii itakuzika, shemeji," fundi akasema. "Ina kelele kidogo, basi."

Kinyozi akaomba muda wa kufikiri, na badala ya kufikiri akauliza. Balaa la kinyozi ni kwamba watu hukaa mbele yake siku nzima, mikono imefunikwa shuka na midomo iko wazi. Mteja mmoja alimwambia kelele ni dalili ya ugonjwa. Mwingine akasema gia nne ni za mababu, atafute tano. Dereva mstaafu akamwonya kwamba giaboksi ya gia tano ni ndefu. Mkono wa gia ungetokea nyuma ya kiti, awe anabadilisha gia kama mtu anayejikuna mgongo. Kinyozi aliwakubalia wote. Kichwa kilimzunguka kama pia, hata dereva mstaafu akaondoka na sharafa kwenye shavu moja tu.

Fundi alileta ya gia tano, ikakataliwa kwa urefu. Akaleta fupi, ikakataliwa kwa wembamba. Ijumaa kinyozi akarudi mbio kuitaka ile ya kwanza.

"Muuza nyama aliichukua jana," fundi akamjibu. Muuza nyama alikuwa na gari kama lake. "Hakuuliza hata swali."

Iliyobaki ilikuwa moja, imepakwa rangi ya fedha, kimya kama maiti.

"Hiyo siiamini," fundi akasema. "Imerembwa mno kwa kitu kinachokaa chini ya gari."

Kinyozi akaichukua hiyo hiyo.

Jumamosi, kwenye tambarare, gari lilitembea kwa adabu. Lilipouona mlima, gia ya kwanza ikachomoka. Ya pili ikaifuata mwenziwe, na nyingine zikaona aibu kubaki. Iliyoshika ilikuwa rivasi peke yake. Kinyozi alisimama kando ya barabara, akawakumbuka majirani wa mama yake. Kisha akaligeuza gari, akaanza kuupanda mlima kinyumenyume.

Katikati ya mlima akasikia ngurumo. Muuza nyama alikuwa akipanda nyuma yake, yaani mbele yake, wakatazamana kioo kwa kioo.

"Kinyozi," muuza nyama akaita, "unakuja au unakwenda?"

Kinyozi akatoa kichwa dirishani.

"Mama ananingoja juu," akasema.

"Basi nitamwambia uko njiani." Akampita akinguruma.

Buti la gari la kinyozi lilipoingia uani, majirani walikuwa wamejipanga kama watazamaji wa mpira. Mama alikuwa amekwisha kukaa katika gari la muuza nyama, mkoba mapajani.

"Umenijia, mwanangu, sikatai," akamwambia dirishani. "Lakini mimi kwa mjukuu wangu nataka kufika nikitazama mbele."

Kinyozi akawafuata kwa kuserereka, bila gia yoyote, akiisikiliza mteremko mzima ile kelele kidogo aliyoikataa. Kweli, mchagua nazi hupata koroma.