Gari la Kumpakia Mkwe

Shekigenda, muuza magari wa Tanga, hakuwahi kumrudishia mtu shilingi yake. "Gari likishavuka geti langu," alikuwa akisema, "hata likilia kama mbuzi, ni lako."

Mwantumu alitaka gari la mbio lenye turbo. Yalikuwepo mawili ya bei moja: toleo la zamani lililopauka rangi, na toleo jipya linalong'aa.

"Chukua jipya, dada. Turbo yake haijawahi kuguswa na fundi," Shekigenda akaapa.

"Haya, nalichukua," Mwantumu akasema akipokea ufunguo. "Napanda nalo Lushoto sasa hivi. Mama mkwe wako kaniomba lifti, yule pale getini."

Shekigenda akachungulia, akamwona mama wa baibui na nikabu. Mkwe hasogelewi ovyo, kwa hiyo akainama palepale alipokuwa, akamwamkia kwa mbali. Kisha akampokonya Mwantumu ufunguo.

"Chukua la zamani! Hili jipya turbo yake imekufa, mtabaki kwenye kona za mlimani!"

Mwantumu akalipa, akavuka geti na lile la zamani. Yule mama akapanda, akafunua nikabu.

"Mwanangu, yule bwana aliyeniinamia vile ni nani?"

"Muuza magari tu, shangazi. Ila wakwe anawaheshimu!"