Ngedere Mnadi wa Vyungu

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na nini?

Tuambie wewe uliyeona.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakienda gulioni pamoja na watu, aliishi mfinyanzi mmoja, jina lake Kidawa, mjane mwenye watoto wawili. Vyungu vyake vilikuwa vyeusi, vimeinama upande, havina hata nakshi. Lakini vilikuwa vigumu. Watu walivitazama, wakapita. Mwaka ule mvua ilikataa, na Kidawa alitaka kubadilisha vyungu kwa mtama, maana watoto walikuwa wakila mboga za porini tu, tena bila chumvi.

Ngedere akashuka mtini, akamwambia, "Mama, mikono unayo, mdomo huna. Niajiri niwe mnadi wako. Ujira wangu ni uji."

Kidawa akasema, "Haya, twende."

Gulio la kwanza, Ngedere akapanda juu ya jiwe, akasimulia jinsi Fisi alivyokwenda kuposa akala mahari njiani. Watu wakacheka, wakashika mbavu, wakafuta machozi. Kisha wakaenda kununua vyungu kwa jirani.

Kidawa akamuuliza, "Umewachekesha. Umewaambia tunauza nini?"

Ngedere akajikuna. "Nilisahau."

Gulio la pili, Kidawa alipokwenda kisimani kunywa maji, Ngedere akanadi, "Chungu hiki hupika bila moto. Tia maji, tia unga, lala. Ukiamka, ugali tayari." Kidawa aliporudi alikuta vyungu vimekwisha na kapu limejaa mtama. Akafurahi, hakuuliza.

Kesho yake wanunuzi wakaja kwake, vyungu vichwani, unga mbichi ndani. Aliyewaongoza ni Bi Mashavu, mpishi wa harusi. Akasema, "Kidawa, turudishie mtama wetu. Ukitudanganya tena, gulioni usikanyage."

Walipomweleza, Kidawa akarudisha mtama wote, watoto wakitazama.

Ngedere alipoona wanunuzi wameshika fimbo, akanyakua chungu kimoja, akajifunika kichwa, akakimbia. Mbele haoni. Akatumbukia gengeni. Akagonga mwamba wa kwanza, ngo. Akagonga wa pili, ngo. Akagonga wa tatu, ngo. Huko chini akavua chungu. Makalio yalikuwa yamechubuka, mkia umeteguka. Chungu hakikuwa na hata ufa.

Akapanda pole pole, akarudi nacho. Akamkuta Kidawa ameketi jikoni, mafiga yamepoa.

"Mama, nimewanyima watoto chakula. Nifukuze."

"Sikufukuzi. Gulio lijalo utasema yaliyokupata. Usipunguze, usiongeze."

"Watanicheka."

"Waache wakucheke."

Gulio la tatu, Ngedere akapanda juu ya jiwe, mkia umefungwa kitambaa. Watu wakaguna.

Akasema, "Mwongo wa juzi ni mimi. Chungu hiki hakipiki bila moto. Ni cheusi, kimeinama, na usipokiweka vizuri mafigani kitamwaga mchuzi. Lakini nilianguka nacho gengeni. Mwamba wa kwanza, chungu kikasema ngo, mimi nikasema mama. Mwamba wa pili, chungu ngo, mimi mama. Mwamba wa tatu, chungu ngo, mimi sauti sina. Chungu ni hiki. Na makalio ni haya."

Akageuka, akawaonyesha. Gulio zima likacheka, hata Bi Mashavu.

Alipomaliza kucheka, Bi Mashavu alikichukua kile chungu, akakidondosha juu ya jiwe. Ngo. Akakidondosha tena. Ngo.

"Nipe vitatu," akasema. "Wasaidizi wangu huvunja chungu kila harusi."

Kabla jua halijafika utosini, vyungu vyote vilikuwa vimekwisha. Kidawa akangoja siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hakuna aliyerudi kulalamika. Watoto wakala ugali wa mtama, Ngedere akanywa uji wake.

Basi, ndugu zangu, anayeuza kwa hadithi, hadithi yake iihusu bidhaa yake, na iwe ya kweli. Kicheko humsimamisha mnunuzi, lakini akifika nyumbani anabaki na chungu.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, mlaumuni aliyenisimulia. Mimi nilipita kwa Kidawa kuomba ukoko, Ngedere akaniambia umekwisha, na mdomo wake ulikuwa umejaa.