Chungu cha Uzeeni cha Mzee Twiga

Paukwa!

Pakawa!

Hapana, hiyo imetoka puani. Mimi nataka ya tumboni. Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa nimewasikia. Kaeni vizuri, wadogo kwa wakubwa, na wewe unayetafuna, tafuna polepole. Hii nilipohadithiwa mara ya kwanza nilishika kichwa, na mpaka leo sijakiachia.

Zamani hizo, wanyama walipokuwa na vijiji vyao na majumbe wao, palikuwa na kijiji kikiitwa Nyasindefu. Jina mnalisikia wenyewe. Nyasi mbele, nyasi nyuma, nyasi mpaka mlangoni. Kiangazi zikikauka, cheche moja tu, vuu, hakuna kijiji. Basi wakaweka walinzi wa moto. Mlinzi wa asubuhi alikuwa Mzee Twiga.

Twiga alisimama juu ya kichuguu kikubwa. Shingo ndefu, macho makali. Moshi ukiinuka mbali huko, yeye ndiye wa kwanza kuuona. Lakini twiga hana sauti, hunong'ona tu, basi akapewa upatu. Akiona moshi anaupiga kwa kwato: ngwaa, ngwaa, ngwaa! Kijiji kizima kinatoka na matawi mabichi, kinaupiga moto, kinarudi nyumbani kupika.

Ujira wake ulikuwa mtama wa ghala la kijiji. Akishika zamu yake anapimiwa kata yake. Akiongeza zamu anaongezewa kata. Hiyo ni haki, sina ugomvi nayo.

Ugomvi wangu uko kwenye chungu. Pale Nyasindefu, mlinzi akizeeka, Bi Nyigu mfinyanzi humtengenezea chungu cha uzeeni. Kila mwezi ukiandama chungu hicho hujazwa mtama, mpaka siku mlinzi atakapokufa. Sasa niulizeni, ukubwa wa chungu walipimaje? Hawakuangalia miaka yote aliyosimama juani. Waliangalia kiangazi chake cha mwisho, basi. Mtama aliopimiwa kiangazi hicho, pamoja na wa zamu za ziada, ndio uliokuwa kipimo. Mtu amejituma ujana wake wote, akaugua mwaka wa mwisho, anapewa chungu kama kikombe. Nani aliyekaa akafikiri jambo hilo akaona linafaa? Sijui, jamani. Mimi sijui.

Baba yake Twiga ndivyo yalivyomkuta. Alikuwa mlinzi kama mwanawe, akavunjika mguu kiangazi cha mwisho. Chungu alichopewa, hata ngumi haikuenea ndani yake. Akafa na njaa, anakiramba ukingoni. Twiga alikuwa amekaa pembeni yake. Aliyaona hayo kwa macho yake, na hayakumtoka.

Siku zikaenda, zikaenda, kikafika kiangazi cha mwisho cha Twiga mwenyewe. Mwaka huohuo mlinzi wa jioni akahamia ng'ambo ya mto. Mbuni akasikia, akajipangusa mavumbi, akaenda kwa Jumbe Nyati.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba, Mbuni. Sema."

"Nimekuja kuomba zamu ya jioni. Shingo ninayo, macho ninayo, na mbio unazijua."

Jumbe akacheua kwanza, taratibu. "Nikikuweka wewe, leo nikulishe, kesho nikufinyangie chungu. Ghala litabaki na nini? Twiga yupo. Atashika zote mbili."

"Na atapumzika saa ngapi?"

"Umemsikia akilalamika?"

Twiga hakulalamika, na kwa nini alalamike? Alipoitwa alijibu "Nitashika" kabla Jumbe hajamaliza kuuliza. Akashika ya asubuhi, akashika ya jioni, kisha akaenda mwenyewe kuomba na ya usiku. Jumbe akafurahi, kaepuka kumlisha Mbuni. Twiga akafurahi, chungu kinakua. Kila mmoja alijiona mjanja.

Mkewe ndiye hakufurahi. "Baba watoto, macho yako yamekuwa mekundu kama ya mpika maandazi."

"Niache, mke wangu. Mimi sitakufa kama baba."

"Baba yako alikufa njaa. Wewe utakufa umesimama."

"Siku zimebaki chache. Chungu kikikauka, nitalala mpaka unichoke."

Akarudi kichuguuni. Usingizi unamvuta, lakini akifumba macho anamwona baba yake anaramba chungu, anayafumbua tena.

Huku Bi Nyigu anafinyanga, vuuu, vuuu, anakwenda kuchota udongo, anarudi. Chungu kikamfika Jumbe magotini. Kikamfika kifuani. Kikampita pembe. Bi Nyigu akaita dada zake, na dada zake wakaita binti zao. Wanakijiji wakija kutazama wanabaki midomo wazi.

"Jumbe wetu," akasema Bi Nyigu, "hiki ni chungu au nyumba?"

"Mila ni mila," akasema Jumbe. "Finyanga."

Na hakuna aliyeuliza kitajazwa na nini. Kijiji kizima, wazima wa akili, hakuna hata mmoja.

Siku ya mwisho ya kiangazi ikafika. Chungu kibichi hakihifadhi kitu, ni lazima kichomwe. Cha kawaida huchomwa kwa kuni chache nyuma ya nyumba. Hiki wakakiviringisha nje ya kijiji, wakakizungushia magogo, wakakifunika nyasi kavu, tena mchana wa jua kali. Wakawasha. Moshi ukapanda mweusi, mnene, ukasimama.

Twiga aliuona. Kwa nini asiuone? Ndiye wa kwanza, kama siku zote. Akainua kwato juu ya upatu, kisha akaishusha. "Moshi wa chungu changu huo," akajiambia, na kwa mara ya kwanza kiangazi kile moyo wake ukatulia. Hatakufa kama baba yake. Kwisha. Akaegemea mti uliokuwa kando ya kichuguu, macho yakajifunga yenyewe.

Upepo ukaja, fyuu. Cheche zikaruka, zikaanguka kwenye nyasi.

Ngwaa, ngwaa, ngwaa!

Twiga akashtuka usingizini. Nani anapiga upatu wangu? Akatazama chini, akamwona Mbuni anaurukia kwa miguu yote miwili. Akatazama mbele. Nyasi zote zilikuwa moto, na moto ulikuwa umeshafika kwenye paa la ghala. Alifungua mdomo kupiga kelele, akasahau kwamba hana sauti.

Watu walitoka na watoto wao, walipona wote, kwa sababu ya mbio za Mbuni, yule aliyenyimwa kazi. Ghala halikupona. Mtama wa mwaka mzima uliungua, pa, pa, pa, wote wamesimama wanausikia.

Asubuhi yake walikwenda kufukua jivu pale nje. Chungu kilikuwa kimeiva vizuri, chekundu, hakina ufa. Ukikigonga kinalia. Wakakiviringisha mpaka mlangoni kwa Twiga, maana mila ni mila, na Jumbe Nyati akaja nyuma amebeba kata. Ndani ya kata mlikuwa na jivu la mtama.

"Mzee Twiga," akasema Jumbe, "chungu chako hiki. Hakijapata kuonekana kikubwa kama hiki."

"Niliuona moshi," akasema Twiga kwa ule mnong'ono wake. "Niliuona, Jumbe. Nilidhani ni wa kwangu."

Twiga akainamisha shingo, akaingiza kichwa ndani ya chungu, kikazama mpaka mabegani. Mlikuwa na giza na pumzi yake mwenyewe. Akakaa humo, hataki kukitoa, kwa sababu nje kijiji kizima kilikuwa kinamtazama kwa njaa.

Mkewe akamshika mgongoni. "Haya, baba watoto," akasema. "Sasa lala."

Msimlaumu Twiga peke yake, naona mmeshaanza. Mtu apimwe kwa kazi ya maisha yake yote, si kwa ya kiangazi kimoja cha mwisho. Na mnayemtegemea awalinde mpeni mwenzake, apate kulala, kwa sababu zamu mliyombania Mbuni mtailipa kwa ghala zima.

Hapo ndipo hadithi yangu ilipoishia, nami sina la kuongeza.